Siku Daktari Chapuchapu Aliponyamaza

Mimi ni fundi viatu, na moyo wangu una vali mbovu, kile kilango cha kupitisha damu. Siyo siri. Madaktari chungu nzima wa hospitali yetu wamejifunza mvumo wa moyo, ile sauti ya damu inayopita vibaya, kwa kuusikiliza huu wa kwangu. Nikilazwa tu, utasikia huko koridoni, "Yule mzee wa moyo yupo!" na makoti meupe hayo yanakuja mbio. Mke wangu hukasirika, anasema nimegeuka kitabu cha shule. Mimi sina neno. Kitandani kunachosha, na wageni ni wageni.

Lakini ninayemwita binti yangu ni mmoja tu, Daktari Chapuchapu. Jina nimempa mimi. Ni daktari kamili, sasa anasomea ubingwa, na kutembea hajui, anajua kukimbia. Chai anainywa amesimama. Visigino vya viatu vyake vimelika upande mmoja, vinanitia aibu mimi fundi. Zana zangu ziko chini ya kitanda, nesi asijue, na kila siku namwambia anipe nimtengenezee. Eti hana muda wa kuvivua! Ila ndiye aliyegundua ugonjwa wangu wakati wengine wananipa dawa za kikohozi. Ukimsema vibaya mbele yangu, tutakosana.

Sasa hawa wanaosomea ubingwa wana mtihani wa kufundisha. Daktari anawafundisha wanafunzi palepale kitandani kwa mgonjwa, na Profesa anasimama pembeni anamtazama. Akifaulu, anapewa kundi lake la wanafunzi. Binti yangu alikuwa ameshindwa tayari, na kilichomponza ni mdomo. Anauliza swali, mwanafunzi hata hajapumua, yeye ameshajibu! Profesa akamwambia, "Daktari, somo zuri sana. Umejifundisha mwenyewe."

Alinisimulia akicheka, kisha machozi yakamtoka. "Baba, nikishindwa tena hawanipi wanafunzi. Na mimi kufundisha ndiko nikupendako. Nisaidie nifanye mazoezi kwako."

Ningekataaje? Akawa anakuja mchana na wanafunzi wawili, kijana mrefu mwenye maneno mengi na msichana mwembamba ambaye sikuwahi kusikia sauti yake. Daktari anauliza, halafu anajiuma mdomo asijibu. Alikuwa anaweza kidogo kidogo. Mwenye matatizo nikawa mimi! Nikilala chali, mvumo wangu hausikiki vizuri; nikilalia ubavu wa kushoto, ndipo unapojitokeza. Basi nikiona mtoto wa watu anahangaika, najigeuza mwenyewe. "Baba!" ananifokea. "Unawapa jibu!" Haya, yaishe, nikatulia. Wakiulizwa kama wanasikia, kijana anasema, "Tunasikia," na msichana anaitikia kwa kichwa.

Siku ya mtihani Profesa akasimama karibu na pazia, uso umekunjamana. Kijana akaweka stetoskopu kifuani kwangu. "Nasikia mvumo, daktari." Ikaja zamu ya msichana. Akasikiliza. Akasikiliza tena. Nami niko chali kama gogo, bega linaniwasha kugeuka.

"Unasikia nini?" Chapuchapu akamuuliza.

Kimya. Kimya gani hicho, jamani! Hata nesi alisimamisha toroli lake la dawa. Nilimwona binti yangu jibu limemjaa kinywani. Nikasema moyoni, mwanangu, ukifungua mdomo tumekwisha.

Hakuufungua.

"Sisikii kitu," msichana akasema. "Hata siku zile sikusikia. Nilikuwa naitikia tu."

Tumeumia, nikawaza. Lakini Chapuchapu akavuta kiti, akaketi. Yeye, kuketi! "Ahsante kwa kusema kweli," akamwambia polepole. "Moyo uko upande gani wa kifua? Ungefanya nini ili ukusogelee?" Akanyamaza tena.

Msichana akaweka kiganja kifuani mwake mwenyewe, akainama kidogo kushoto, akafikiri. Kisha akanitazama. "Mzee, samahani, naomba ulalie ubavu wa kushoto."

Weee! Niligeuka mpaka kitanda kikalia. Akasikiliza akiwa amefumba macho, na polepole uso ukamchangamka. "Upo! Kama mtu anaburuta kiti chumba cha pili!"

Yule kijana akajikuna kichwa. "Naomba na mimi nisikilize. Kusema kweli, mimi pia..."

Profesa akacheka. Sikujua kama ana meno. "Daktari, kuanzia Jumatatu hawa ni wanafunzi wako."

Nililia mimi, wala sioni aibu. Profesa na wanafunzi walipotoka, nikadhani binti yangu atakimbia kama kawaida yake. Akabaki kwenye kile kiti. Akainama, akafungua kamba, akavua viatu vyake vyote viwili na kuniwekea mapajani.

"Vitengeneze taratibu, baba," akasema. "Nasubiri."