Nilimnyima Mama Yake Simu ya Mwisho

Habari zenu wana ukurasa. Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, Mkenya wa magharibi. Admin, nakuomba ufiche jina langu, maana watu wa kanisani kwetu wamo humu na bado wananiita mtumishi.

Nikiwa na miaka ishirini na nne nilitumwa Tanzania, Kibiti, kuwa mmisionari wa kujitolea kwa miaka miwili. Nilipangiwa mwenzangu, binti wa Kikongo wa miaka ishirini, nitamwita Ruti. Sheria yetu ilikuwa tusiachane: chumba kimoja, sala pamoja, kutembelea nyumba pamoja. Kwa kuwa nilikuwa mkubwa, mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wake, na simu ya kituo ilikaa kwangu. Kuongea na nyumbani ilikuwa mara moja tu kwa mwezi.

Wenyeji wengi ni Waislamu, na walitupokea kwa heshima. Walitukalisha mkekani, wakatupa chakula, wakatuambia wazi, "Dini tunayo, ila nyie wageni wetu." Kiswahili changu cha Kenya kiliwachekesha nami nikanuna. Ruti chake cha Kongo kiliwachekesha zaidi, naye akacheka nao. Akajifunza salamu za Kindengereko, lugha ya wenyeji, akajifunza kusuka ukili wa mikeka. Tulipopelekwa kijiji cha Mbuchi, kule kwenye delta ya mto, kuwafundisha akina mama kusoma, hazikupita wiki mbili ikawa ni Ruti tu. Ruti yuko wapi, Ruti amekula? Mimi hakuna aliyeniuliza.

Nikaanza kumchukia. Nilimkemea mbele za watu. Nilimwandikia ripoti kwa mchungaji wetu msimamizi, aliyekaa Dar, kwamba Ruti hana nidhamu, kisha nikaiacha mezani makusudi aisome. Akaisoma. Akaja kuniomba msamaha yeye.

Mpunga ulipokaribia kuiva, mwenyeji wetu Bi Mwanahawa, mjane wa makamo, alikuwa anashinda shambani akiamia ndege. Ruti alimsaidia, anapiga debe na kupaza sauti ndege wasitue. Jumanne moja asubuhi nilisimama juu ya kichuguu kando ya shamba, maana mtandao ulishika hapo tu. Simu ikaita, namba ya Kongo.

"Bwana asifiwe. Ni mama yake Ruti," sauti ikasema, dhaifu sana. "Niko mugonjwa, niko ku hospitali. Simu ni ya muuguzi. Unipatie mutoto wangu nimusikie kidogo tu."

Ruti nilikuwa namwona. Hatua hamsini hivi, mpunga umemfika kifuani, anapiga debe huku anacheka. Ningeita jina lake mara moja angekuja mbio.

Nikasema, "Mama, Ruti hayupo. Amekwenda mahubiri mbali."

"Atarudia siku gani?"

"Sijui, mama."

Nikawa nasikia anavyohema. "Basi umuambie nilipiga."

Sikumwambia. Jumatano namba ileile ikaita tena, nikaizima simu.

Alhamisi ulikuja ujumbe wa kaka yake kwamba mama amefariki. Nikampigia mchungaji. Akasema, "Jumapili wafadhili wanakuja, na Ruti ndiye anayetoa ushuhuda. Akijua ataondoka. Asiambiwe mpaka Jumatatu." Ningeweza kukataa. Ukweli ni kwamba nilishukuru, maana amri yake ilifunika uovu wangu.

Jumamosi mama yake akazikwa. Ruti siku hiyo alikuwa anafua magauni yetu ya ibada huku anaimba. Jumapili akasimama mbele ya wageni, akasema amefika alipofika kwa sababu kila alfajiri mama yake anapiga magoti kumwombea. Wageni wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Jumatatu nikamwambia habari za kifo cha mama yake zimefika asubuhi ile. Alikaa chini palepale kwenye tope. Alipoweza kuongea aliniuliza kitu kimoja: "Dada, hakunitafuta?"

Nikamjibu, "Hapana. Alikufa ghafla."

Jioni Bi Mwanahawa aliniita pembeni. "Simu ile ya Jumanne, mie nilikusikia. Nilikuja tuta la chini kuchukua maji. Mwenzio yuko mbele ya macho yako, unasema hayupo. Nikadhani ni mambo ya kazi zenu. Kumbe ni mamie."

Nikamwomba asiseme, tena kwa kulia.

"Sisemi. Mtoto ameshazikiwa mama, nimwongezee na hilo? Utasema mwenyewe." Tangu siku hiyo alinipa chakula kama kawaida, ila hakukaa tena mkeka mmoja na mimi.

Ruti hakwenda kwao. Alisema hana tena wa kumkimbilia, akabaki mpaka tukamaliza muda wetu pamoja. Kila alipolia alilala mapajani pangu. Aliwaambia watu Mungu amempa mimi badala ya mama, na sikuwahi kumkatiza.

Sasa Ruti anaolewa huko kwao Kongo. Amenipigia akaniomba nikae kwenye kiti cha mama wa bibi harusi. Shangazi zake walikitaka, yeye akawakatalia, akawaambia, "Huyu ndiye aliyenishika mama alipokufa." Nilikubali kabla hajamaliza kuongea.

Nitukaneni, nimestahili, lakini mkimaliza kunitukana mnishauri. Nimwambie kabla ya harusi, aingie kanisani akijua mama yake alimtafuta mara mbili nami nikamficha? Nisubiri aolewe kwanza, nimwachie mumewe kilio hicho? Au ninyamaze nife nalo? Mara tatu nimeandika ujumbe nikaufuta. Na sijui kama nataka kusema ili yeye ajue kwamba mama yake alimtafuta, au ili mimi nipate usingizi.

Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Gauni la mama wa bibi harusi limeshashonwa, nimelijaribu jana kwa fundi. Limenikaa vizuri sana.