Ukurasa wa Tunaowasaidia

Hadi leo nikiukumbuka ukurasa ule, damu inanichemka. Nasema mapema ili msomaji asitafute upole humu.

Nilikuwa mkimbizi wa Nakivale, kambi iliyoko Uganda, mtu wa Kivu Kusini huko Kongo, na kwetu kazi yangu ilikuwa kupiga chapa barua za kanisa. Kwa hiyo kompyuta haikunisumbua kujifunza. Mara moja kwa wiki nilipanda pikapu ya wachuuzi wa maharage, nikaketi juu ya magunia mpaka mjini Mbarara, nikaingia kwenye chumba kimoja cha intaneti katika mtaa wa Nyamityobora. Humo nilijitolea kufanya kazi ambayo wenzangu hawakuielewa hata nikieleza mara kumi: kuunganisha tovuti za klabu.

Klabu ilikuwa ya kimataifa, ya watu wanaojitolea kuhudumia jamii zao. Kila tawi lilijitengenezea ukurasa kadiri lilivyoweza, na kurasa hizo zilikaa huko duniani bila kujuana. Sisi waunganishaji, watu wa nchi mbalimbali tusiowahi kuonana, tulifungua kila ukurasa, tukahakikisha ni wa kweli, kisha tukauweka kwenye orodha kubwa, ili mtu aliye Brazili abonyeze mara moja na kujikuta kwa wenzake wa Ufini. Nimeunganisha matawi ya watu ambao sitawaona maisha yangu yote. Sheria yetu ilikuwa moja: huruhusiwi kuunganisha tawi lako mwenyewe. La kwako linahakikiwa na mwingine.

Nasi tulikuwa na tawi. Lilianzia Juru, sehemu mojawapo ya kambi, na kiongozi wake alikuwa mama mmoja mkulima, Mprotestanti wa kuamka na zaburi mdomoni, tuliyemwita Mama Prezidante. Chini yake tuliwajengea nyumba za udongo wazee wasio na watoto, tukachimba mifereji kando ya barabara ya zahanati, tukabeba wagonjwa kwa baiskeli. Hakuna aliyetutuma, wala aliyetupa hata jembe. Majembe yalikuwa yetu, ya shambani.

Mama Prezidante alitaka kitu kimoja tu: tawi letu liingie kwenye orodha ya matawi. Kila mwaka matawi ya upande ule wa Uganda yalikutana Mbarara, na aliyekuwa kwenye orodha ndiye aliyepewa nafasi ya kusimama na kueleza kazi yake.

"Miaka yote hii batu banatuona fasi moja tu, kwa mustari ya mahindi na mafuta," aliniambia, yaani foleni ya mgao wa chakula. "Mimi ninataka siku moja banisikilize kama mutu anayetenda."

Basi nikaandika ukurasa, na hapo ndipo nilipoharibu. Niliandika kama nilivyolelewa, kama nilivyopiga chapa barua za kanisa miaka nenda miaka rudi. Kwetu, anayeanza barua kwa kutaja kazi zake mwenyewe huonekana hana malezi. Unasalimu kwanza, unatoa pole kwa wagonjwa, unajishusha. Nikaandika: sisi wadogo zenu, wanyonge tusio na kitu, tunapiga magoti mbele yenu. Kazi zetu nikaziweka chini kabisa, mistari miwili. Niliusoma mbele ya komite ya tawi katika duka moja la Misiera, humo humo kambini, na wote wakasema amina. Nikautafsiri kwa Kiingereza neno kwa neno, magoti na yote, nikautuma.

Wiki iliyofuata nikafungua orodha. Kwenye matawi hatukuwepo. Nikateremka, nikateremka, mpaka chini kabisa, na huko nikatukuta chini ya kichwa kinachosema "Tunaowasaidia". Juu yetu kulikuwa na shule ya vipofu. Chini yetu, makao ya mbwa waliotupwa na wenyewe.

Nilimwandikia mwunganishaji aliyetuweka pale, bwana mmoja mpole wa nchi ya baridi. Akajibu kwamba barua yetu ilimgusa sana, hasa yale magoti. Nikamweleza kuwa magoti yale ni adabu, si njaa, na kwamba hatuombi chochote, sisi ndio tunaojenga. Akauliza: kama nyinyi ni wakimbizi, nani huwasaidia kujenga? Nilikasirika. Nikauandika ukurasa upya, bila salamu, bila pole, mkavu: sisi ni tawi, tumejenga hiki, tumechimba kile. Siku chache baadaye akanijulisha, kwa upole uleule, kwamba maandishi ya kwanza yalikuwa mazuri zaidi, yaligusa watu wengi, kwa hiyo ameyarudisha.

Nilimpelekea Mama habari hizo nikitarajia atatukana, angalau mara moja. Hakutukana.

"Tutaenda kwa huo mukutano," akasema.

Tulifika ukumbini asubuhi, yeye amevaa kitenge chake cha ibada. Mlangoni kijana wa Mbarara akapitisha kidole kwenye karatasi yake. "Mama, jina yenu hapana kwa listi ya klabu. Nyinyi nakaa kule, na wageni ya kusaidiwa." Akatuonyesha benchi la ukutani. Matawi yalikuwa na meza, yenye vitambaa na chupa za maji.

Tuliketi pale tukisikiliza matawi yakijisifu, mengine kwa karamu yalizofanya. Kisha kiongozi wa mkutano akanyoosha mkono upande wetu na kusema kwa Kiingereza kwamba hawa ni ndugu zetu wa Nakivale, ambao matawi yetu yamewasaidia sana, na sasa mama huyu atatoa shukrani kwa niaba yao.

Mama alisimama. Nikasimama kando yake kutafsiri. Akawasalimu wote, akawapa pole kwa safari, akawaulizia watoto wao. Kisha akasema:

"Kwetu mutu akishukuru, anataja siku na anataja kitu. Bila hivyo haiko shukrani, ni midomo tu. Sasa, mutuambie ilikuwa siku gani mulikuya kutusaidia, na mulituletea nini, tupate kuwashukuru muzuri."

Nilitafsiri kila neno, na sikulainisha hata moja. Kiongozi akamtazama karani. Karani akafungua jalada, akapekua, akarudia mwanzo. Mama alibaki amesimama, mikono mbele, akisubiri. Hakuwa akidhihaki mtu. Alitaka kweli kujua.

Mwishowe kiongozi akasema watachunguza, halafu watatuandikia barua.

"Asante," Mama akajibu. "Siku ya leo mumetuahidi barua. Hiyo ninawashukuru."

Akaketi. Ule ndio ulikuwa muda wake wote wa kusema, na kuhusu nyumba za wazee hakuna aliyemuuliza. Barua haijafika.