Muhogo wa Nazi wa Wadi Kabir

Hamood alianza kutafuta mkahawa akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na wala hakuanza kwa kupenda.

Alikuwa dereva wa teksi, lakini udereva ulimjia ukubwani. Miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya meza bandarini Matrah, mjini Maskati, karani wa makaratasi ya mizigo, mpaka alipostaafu. Mwaka uleule aliostaafu, mkewe Zakiya akafariki. Mwanawe Loai na mke wa mwanawe, Shahad, wakahamia kwake Al Amerat ili asikae peke yake. Walikuwa watu wema wote wawili, na wote wawili walifanya kazi mjini. Walitoka mapema kuiwahi barabara ya mlimani kabla haijajaa magari, wakarudi magharibi wamechoka, na mara nyingi chakula cha kuagiza kiliwafuata nyuma kwa pikipiki. Baina ya hapo nyumba ilikuwa kimya. Hamood akakata leseni ya teksi, si kwa dhiki, bali kwa sababu ndani ya gari angalau mtu hupanda akakwambia anakokwenda.

Siku moja alimpakia mgeni uwanja wa ndege, mtu wa makamo kutoka Unguja, amekuja kumtazama dada yake. Walipogundua kuwa wote wawili wanasema Kiswahili, mgeni alijinyoosha kitini kama aliyevua viatu.

“Yakhe, kabla hujanipeleka kwa dada, nipitishe pahala nile chakula cha kwetu. Nnasikia hapa Maskati watu wa kwetu mmejaa tele.”

“Tumejaa,” Hamood akasema.

Akaendesha, huku hajui anakwenda wapi. Maisha yake yote hakuwahi kukila chakula kile nje ya nyumba. Alikula kwa mamake, kisha akala kwa Zakiya. Mwisho akakumbuka kibao kikubwa alichokuwa akikiona mtaa wa Mabela, kimechorwa mnazi, akampeleka huko. Mgeni alimlazimisha wakae pamoja. Wakaletewa samaki wa kupaka aliyekauka, tui la kopo limeganda pembeni ya sahani. Mgeni alikula nusu, akaisogeza sahani, akasema kwa adabu kwamba kwenye ndege walishamlisha. Hamood aliona haya njia nzima mpaka kwa huyo dada, kana kwamba mtu amefika nyumbani kwake mwenyewe akalala na njaa.

Ndipo alipoanza. Mara moja kwa wiki, baadaye mara mbili, alizima simu ya abiria ikifika adhuhuri, akasali, akaenda kuujaribu mkahawa mmoja. Huko Khuwair alikula urojo uliochachuliwa kwa siki, na juu wameumwagia chipsi. Huko Sib alimpata mama mmoja anayeuza mkate wa kumimina nyumbani kwake kwa oda. Mkate ulikuwa mzuri kweli, umeumuka ukaiva mpaka chini, lakini mama yule hakupika kingine. Matrah, nyuma ya soko, mpishi Mhindi wa Malabari alimpikia mchuzi wa nguru uliomtoa jasho utosini. Hamood aliumaliza wote. Ulikuwa mchuzi mtamu, tena sana, ila ulikuwa wa kwao mpishi. Pengine palitiwa sukari kwenye mbaazi, pengine wali ulinukia unga wa nazi uliokaa dukani. Kila mahali ukutani palikuwa na picha ya bahari na mlango wa nakshi, na kila mahali kijana aliyeleta sahani aliuliza, “Vipi, kama nyumbani?” Hamood akajibu kwamba ni kama nyumbani, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kueleza.

Goti la kushoto likaanza kumuuma kwa kupanda na kushuka. Kiungulia kikamkaa. Shahad akaiona dawa ya tumbo juu ya meza.

“Ammi, unatafuta nini khasa huko?” akamuuliza. “Niambie, nijaribu kukupikia mie.”

“Sitafuti kitu, mwanangu. Nnapita njia tu.”

Hakuwa anamficha. Hakujua la kumwambia. Zakiya hakuandika upishi wake popote, na saa alizokuwa akipika, Hamood alikuwa kazini. Alikijua chakula kuanzia pale kilipowekwa mbele yake.

Mkahawa wa Wadi Kabir aliuona kwa sababu ya tairi. Alikuwa ameketi kwenye gereji akingoja tairi lizibwe, na kwenye mlango wa pili ikatoka harufu ya nazi inayochemka. Palikuwa na meza tano. Hapakuwa na picha ya bahari. Mwenye mkahawa, Nasr, alikuwa mbele ya feni akisoma simu yake, akamwambia leo ni Jumanne na Jumanne kipo muhogo wa nazi na papa mkavu, wala hakipo kingine.

Hamood akaketi. Bakuli lilipokuja aliliangalia kwanza. Pilipili mbichi moja ilikuwa juu, nzima, haikupasuka. Muhogo ulikuwa laini bila kuvurugika, na tui zito limelala juu yake bila kukatika. Akatia kijiko mdomoni. Ndimu ilikuja mwisho kabisa, kidogo tu. Akachota tena, akala taratibu mpaka bakuli likawa tupu.

“Nani kapika hichi?” akamuuliza Nasr.

Nasr akaita jikoni kwa Kiarabu. Akatoka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kitambaa kichwani, mikono imelowa, uso wake wa mtu aliyesimama tangu asubuhi. Aliitwa Nalwoga, Mganda wa Masaka.

“Baba, chakula iko na shida?”

“Haina shida. Nnataka kujua tu, umejifunza wapi?”

Nalwoga akaegemea fremu ya mlango. “Kwa mama mmoja huko Bustan. Bibi Masouda. Nilifanya kwake miaka nne. Alikuwa anakaa kwa kiti, hapo mlango ya jikoni, anaangalia mkono yangu tu. Pilipili ikipasuka, anasema mwaga, anza tena. Tui ikikatika, mwaga, anza tena. Mimi nilikuwa nalia.”

“Yuko wapi sasa?”

“Alikufa. Watoto wake wakauliza huyu mudir, mwenye hoteli, kama anataka mpishi.” Alisema hivyo bila huzuni wala furaha, kama anayesoma tarehe, akarudi jikoni.

Tangu siku hiyo Hamood alikwenda kila Jumanne. Abiria wangemwita mpaka simu ichoke. Jumanne ya tatu alimwomba Nalwoga amfungie, akapeleka nyumbani, akamngoja Loai arudi. Walikula watatu sebuleni. Shahad alisifu, akaomba aongezwe. Loai alikula akimaliza ujumbe wa kazini kwa kidole gumba.

“Chakula cha mamako hichi,” Hamood akamwambia.

Loai akainua macho. “Mama alikuwa akipika muhogo? Mie nakumbuka wali wake tu, baba. Na zile katlesi za skuli.”

Hakusema kwa ubaya. Hamood akasema ndiyo, katlesi pia, akaosha bakuli mwenyewe. Alilala mapema.

Wiki zikapita. Joto la kiangazi likaja, ule wakati ambao usukani unaunguza vidole, na mkahawa wa Wadi Kabir ukawa hauna watu ila yeye na mafundi wawili wa gereji. Nalwoga akazoea kuja kukaa meza ya karibu akishamaliza kupakua, ameweka miguu juu ya kreti la soda kwa sababu ilikuwa ikimvimba. Hamood aliona kuwa yeye mwenyewe hagusi chakula.

“Mbona huli?”

“Hii? Nikipika nashiba kwa pua.” Akapangusa shingo. “Mimi natamani matoke, Baba. Ile ya kufunikwa kwa majani ya ndizi, inawekwa moto asubuhi, inatolewa saa ya kula. Na mchuzi ya karanga. Miaka saba sijakula ile yenyewe.”

“Ndizi mbichi zimejaa sokoni.”

“Hiyo si matoke. Hiyo ni ndizi.”

Hamood alimwelewa vizuri mno. Akamuuliza siku yake ya kupumzika ni ipi. Ilikuwa Ijumaa. Akamwambia, kama atapenda, Ijumaa baada ya sala atampitia wakatafute; yeye barabara anazijua zote, na kazi ya kutafuta mikahawa ameizoea.

Wakatafuta. Huko Ruwi waliingia pahala palipoandikwa chakula cha Kiafrika, wakakuta ni cha watu wa Afrika ya magharibi, wali mwekundu na nyama ya mbuzi. Nalwoga akacheka kwa uchovu, akaomba samahani, wakatoka. Mtaa wa Ghala, karibu na makanisa, msichana mmoja aliwaambia kuwa Waganda hununua chakula kwa Cissy, ila Cissy amehama, akawapa namba yake. Hamood akapiga simu ile namba waliyopewa, haikushika. Wakapiga tena. Saa tisa na nusu ikashika, wakaelekezwa kwenye fleti moja upande wa Wadi Adai, ghorofa ya tatu, ngazi zipo kwa nyuma.

Kule juu walikuwepo wanawake peke yao, basi Hamood akabaki garini. Aliwasha kiyoyozi, akaegemeza kiti, akasinzia. Alipoamka Nalwoga alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma, mfuko mtupu mapajani.

“Umekula?”

“Nimekula. Wengi walikuwa wameshachukua, nikapata ya chini ya sufuria.” Akatazama dirishani. “Walifunika na foili. Majani hakuna. Ni karibu, Baba. Ni karibu kabisa.”

Hamood akaondoa gari. Walikuwa wamefika taa za Wadi Kabir, nyekundu, Nalwoga alipouliza:

“Na yangu? Wewe kila wiki unakula, unasema ndio yenyewe. Ni yenyewe kweli?”

Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amesema ndiyo kwenye mikahawa mingi kwa watu asiowajua. Lakini yule mwanamke alikuwa amekaa nyuma yake akiwa na njaa ileile, na uongo ulimwia mzito.

“Na yako iko karibu,” akasema. “Iko karibu kuliko zote. Kuna kitu kimepungua, wallahi sikijui. Labda hata si cha kutiwa chunguni.”

“Najua,” Nalwoga akasema. “Nilikuwa naona uso yako ukimaliza. Unaangalia mlango ya jikoni.”

Hamood hakujua kuwa alikuwa akiuangalia mlango, kama anayengoja mtu mwingine atoke. Taa ikawa ya kijani, na gari la nyuma likapiga honi.

Baada ya siku ile waliongea kidogo zaidi na wakaelewana zaidi. Hamood alijua habari za mtoto wa kike wa Nalwoga, anayelelewa na bibi yake huko Masaka, naye Nalwoga alijua habari za Zakiya, jinsi alivyokuwa hagusi chakula mpaka watu wote waishe kula, na jinsi alivyougua wiki tatu tu. Hamood alipoeleza hayo mara ya kwanza aliona kuwa hakuwahi kuyaeleza kwa Kiswahili. Kwa madaktari na kwa waliokuja matangani alieleza yote kwa Kiarabu.

Mwezi wa kumi Nasr akachoka na meza tupu. Akaamua kugeuza mkahawa, auze mishkaki na shawarma kama wenzake. Mkataba wa Nalwoga ulikuwa unakwisha. Nasr alimwambia anaweza kubaki, atamfundisha kukata nyama, naye akakataa.

“Nimechoka, Baba,” alimwambia Hamood Jumanne ya mwisho. “Miaka saba nimepikia watu. Khalas, imetosha.”

Hamood akala muhogo wa siku hiyo bila kuusifu. Akauliza ndege inaondoka saa ngapi.

Akampeleka uwanjani mwenyewe, asubuhi, na masanduku mawili yaliyofungwa kwa kamba. Njiani Nalwoga alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. Alisema dada yake ameshachagua ndizi shambani, na majani ameyakata jana. “Kesho saa hii nimeshiba,” akasema. Hamood akatabasamu kwenye kioo. Alifurahi kwa ajili yake, tena kwa dhati, na papo hapo kikamchoma kitu alichokuwa akikikwepa kwa miezi mingi: yeye hakuna ndege ya kumfikisha. Mwenzake chakula chake kipo pahala, kinamngoja. Cha kwake kilikuwa mikononi mwa Zakiya tu.

Alimshushia masanduku. Nalwoga akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya kwao mbele ya wazee.

“Utafute mwingine, Baba. Wapo.”

“Tutaona,” Hamood akasema. “Nenda, mwanangu. Msalimie mtoto.”

Akamtazama mpaka milango ya vioo ilipomfunika. Simu ililia, abiria wa Azaiba, kisha wa Bustan. Zote mbili akaziacha zilie. Akakamata njia ya kurudi Al Amerat, akapanda mlima nyuma ya lori la saruji, taratibu, bila kujaribu kulipita.

Shahad alikuwa na likizo siku ile. Alikuwa jikoni akipasha wali wa jana na kuku, na televisheni inasema peke yake sebuleni.

“Umekula, Ammi?”

“Bado.”

Akanawa mikono. Shahad akamwekea sahani, akasita, akamuuliza kama anataka pilipili. Hamood akasema anataka. Akaketi, akanyoosha goti lililokuwa likimuuma, akamega kuku, akala.