Mama Vikombe na Kilima cha Nyuma ya Nyumba

Ulikuwa mwaka ule wa mvua kubwa. Hapana, nakosea, mvua kubwa zilikuja mwaka uliofuata. Ninaousema mimi ni ule mwaka lifti ya jengo letu ilipokufa ikaachwa hivyo hivyo, wakubwa wakapanda ngazi wakihema kama sisi wengine. Ndiyo maana namkumbuka vizuri shemeji yangu akizishuka zile ngazi, mfuko mmoja wa taka begani, mwingine akiuburuta nyuma yake kama mbuzi asiyetaka kwenda.

Mimi nilikuwa mlinzi wa geti. Yeye, mdogo wake mke wangu, alikuwa mfagizi na mpika chai wa ofisi ya bima iliyokuwa humo jengoni. Watu husema mlinzi hafanyi kazi, anakaa tu. Kukaa nako ni kazi, ukiifanya miaka mingi unajua kila kinachoingia na kila kinachotoka.

Nyumba yake shemeji ilikuwa chini ya jaa la taka la mji. Marehemu mume wake alipoijenga, hapakuwa na jaa. Palikuwa na shimo la machimbo ya mawe, mbali, ng'ambo ya mtaro. Mji ukaanza kumwaga taka mle, shimo likajaa, likawa uwanja, uwanja ukawa kilima. Kilima hakisomi hati ya kiwanja cha mtu. Kilivuka mtaro, kikaumeza mpapai wake, na wakati ninaousimulia, ukisimama kwenye dirisha la jiko lake huoni mbingu mpaka uchuchumae na kuinua uso. Hakuwa na kiwanja kingine, wala mume, wala umri wa kuanza upya. Alikuwa na nyumba hiyo na binti mmoja wa shule, basi.

Sasa siku moja anaanua nguo, kikombe cha karatasi kikashuka kikiviringika mpaka miguuni pake. Kilikuwa na alama ya mwavuli, alama ya ofisi yetu, na kwenye ukingo kilikuwa na rangi ya mdomo. Akaijua ile rangi. Ni ya karani wa mapokezi, ambaye yeye mwenyewe humpikia chai.

Kesho yake alinikuta getini. "Shemeji," akasema, "miaka yote hii namtupia jirani uchafu, kumbe jirani ni mimi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nami nikaacha.

Akaenda kwa meneja. Nilikuwepo, nimepeleka funguo. Meneja alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo lililomtangulia kila mlangoni.

"Bosi, naomba tuachane na vikombe vya kutupa. Tuwe na vikombe vya kuosha."

"Na nani ataviosha?"

"Nani anaosha kila kitu humu?"

Meneja akajikuna kidevu. "Vitavunjika, mama."

"Vitavunjika kimoja kimoja, bosi. Hivi vya kutupa vinakufa vyote kila siku."

"Haya. Lakini ofisi hainunui. Kila mtu alete cha kwake kutoka nyumbani."

Wakaleta. Ofisi ikawa kama sebule ya watu kumi na kitu waliohamia pamoja. Mhasibu alileta kikombe kikubwa cha bati la rangi, akichukua chai peke yake birika linarudi jikoni. Karani wa mapokezi alileta cha mwanawe, kina picha ya bata.

"Mhasibu, hicho kikombe au pipa la mvua?"

"Wewe na bata wako nyamaza. Ukimaliza chai tukubebe mgongoni ulale."

Ndipo shemeji akaitwa Mama Vikombe, na jina lenyewe likamkaa. Hakuishia kwenye vikombe. Karatasi zilizoandikwa upande mmoja alizikata akazishona kwa uzi, zikawa za kuandikia simu zilizopigwa. Maganda na masalia ya chai alitia kwenye ndoo yenye kifuniko, akaenda nayo nyumbani kuyafanya mbolea ya mboga zake. Alipopita nayo getini nilikuwa nafanya kama naikagua. "Mama, humu umeiba nini?" Ananiambia, "Nimeiba ganda la ndizi la bosi, nikamateni."

Nyumbani kwake mambo yalizidi. Mifuko ya nailoni aliifua, akaianika kambani pamoja na nguo, kila mmoja na kibanio chake. Majirani walimcheka waziwazi. "Leo umefua mifuko, kesho utapiga pasi magazeti." Binti yake akanijia siku moja, uso umemshuka.

"Baba mkubwa, ongea na mama. Rafiki zangu wakija wanaangalia ile kamba, wanaangaliana."

Nikaongea naye. Akanijibu, "Wakichoka kuangalia kamba, waambie wageuke waangalie dirishani."

Alipita hata nyumba za jirani, zile zilizopangana chini ya kilima, akiomba watu wasitupe chochote kwenye ule mteremko. Fundi seremala mmoja wa pale, mtu wa maneno makali, alimwambia, "Malori yanamwaga mchana kutwa, na wewe umekuja kunisema kwa maganda yangu mawili?"

"Ya malori siyawezi, kaka. Yako nayaweza."

Fundi akarudi kwenye mbao zake. Nasikia tangu siku ile akawa anampelekea unga wa mbao kwa ajili ya mbolea, lakini anautupa mlangoni bila kubisha hodi, asije akaonekana kashindwa.

Na mimi pale getini niliona. Mifuko mitatu au minne iliyokuwa ikishuka kwa ngazi kila siku ikawa mmoja, na huo mmoja haukujaa. Kilima hakikusimama, nisiseme uongo. Ofisi moja katika mji mzima ni nini? Lakini ofisi ya ghorofa ya chini waliuliza habari za vikombe, na ya jirani wakauliza, na shemeji akaanza kutembea kama mtu aliyeahidiwa kitu. "Tukifika ofisi kumi, shemeji. Tukifika kumi, hata dereva wa lori ataona gari limekuwa jepesi."

Habari zikafika makao makuu. Nako wakamtuma dada mmoja wa mazingira, kijana, sauti laini. Nisimseme vibaya, alikuwa na moyo mzuri. Alikaa jikoni na shemeji, akanywa chai kwenye kikombe cha bata, akasikiliza.

"Mama, umeanzisha jambo kubwa. Tutaifanya ofisi hii nzima iwe ya kijani, iwe mfano."

"Mwanangu, kijani mimi sikijui. Mimi nataka lori lipungue."

"Litapungua, mama," alisema, na naamini aliamini.

Baada ya hapo maboksi yakaanza kuingia. Niliyafungulia geti wiki nzima. Mapipa ya taka ya rangi tatu, bluu, kijani na nyeusi. Taa zisizokula umeme. Vikombe vipya, vyote sawa, vina picha ya jani. Viti vipya, wakasema vimetengenezwa kwa plastiki iliyookotwa ikayeyushwa upya. Kila kimoja kilikuja kimevikwa nailoni, juu ya nailoni boksi, ndani ya boksi yale mapovu meupe magumu yanayolia ukiyagusa. Shemeji alikuwa anayazoa yale mapovu koridoni, yanamkimbia mbele ya ufagio.

Kisha agizo likaja kwamba vya zamani vyote vitoke. Hata vikombe walivyoleta watu kutoka majumbani, maana picha ya kupeleka makao makuu ilitakiwa ionyeshe vinavyofanana. Mhasibu alificha lile pipa lake chini ya koti akaondoka nalo, anatembea kama mjamzito. Cha bata sikukiona tena.

Vile viti vya zamani vilikuwa vya kitambaa cha hudhurungi, vizito, vyenye magurudumu. Mimi nilikuwa nakalia kigoda. Nikamwendea mtu wa stoo, nikamwomba kimoja.

"Mzee, mali ya ofisi haigawiwi," akaniambia. "Kugawa kunataka kibali, kibali kinatoka makao makuu, na makao makuu hawajibu. Kutupa hakuna maneno."

Na ili watu wasiviokote jaani wakaja kusema vimeibwa ofisini, ilibidi viharibiwe kwanza. Ndiyo ulikuwa utaratibu wao. Wakaviteremsha uani. Mtu wa stoo alishika wembe, akavichana viti kimoja baada ya kingine, mgongo na makalio, godoro lake linatoka kama matumbo. Mwenzake alifuata na nyundo, anavunja miguu. Walitokwa jasho, maana vile viti vilikataa kuvunjika. Shemeji alisimama na ufagio wake.

"Kaka, hivi bado vina maisha."

"Najua, mama. Nimeagizwa."

Lori la taka lilipofika, shemeji mwenyewe alibeba mifuko ya rangi tatu, kila mmoja mbali na mwenzake, kama mtu aliyebeba watoto wanaogombana.

"Ya bluu niweke wapi?" akamuuliza dereva.

"Weka humo."

"Na ya kijani?"

"Humo humo. Mama, gari langu lina tumbo moja."

Akaitia yote humo. Kisha akasogea mpaka mlangoni kwa dereva, akashusha sauti. "Basi mwanangu, leo kamwage upande ule wa juu. Usimwage upande wa kwetu."

"Upande ule njia imekatika. Siku hizi tunaelekezwa wa kwenu."

"Hata hivi viti?"

"Hata hivi, mama. Unisamehe." Na alikuwa na haya kweli, yule dereva, aliangalia usukani wake.

Siku ya sherehe ya kuizindua ofisi ya kijani walifunga mabango yaliyochapishwa kwa siku hiyo moja, wageni wakapewa maji katika chupa ndogo ndogo. Meneja akamwita mbele. Alipewa fulana ya kijani na cheti cha fremu, kimefungwa nailoni. "Mama Vikombe, waambie watu neno."

Akasema, "Ahsanteni. Naomba nikaoshe vikombe." Watu wakapiga makofi sana, wakidhani ni unyenyekevu.

Ndipo zikaja zile mvua. Zilianza taratibu, halafu zikasahau kuacha. Siku kilima kilipoteremka, shemeji alikuwa kazini, binti yuko shuleni, na hilo namshukuru Mungu kila ninapolikumbuka. Fundi seremala alikuja mbio mpaka getini, tope mpaka magotini, akanionyesha kwa mkono upande wa kilima. Nikaomba mwenzangu anishikie lindo, nikamwita shemeji, tukaenda.

Ukuta wa jiko ulikuwa umeingia ndani. Maji meusi yalikuwa yanatiririka polepole, yana harufu ambayo sitaisimulia. Na palipokuwa dirisha, palitokea miguu ya viti, na magurudumu, na vile vitambaa vya hudhurungi vimelowa vikavimba. Shemeji hakulia. Alikitazama kimoja muda mrefu.

"Hiki ni cha mhasibu," akasema. "Alikuwa anaegemea kushoto. Ona kilivyopinda."

Maofisa wa mji walikuja baada ya mvua, wakapiga alama nyekundu kwenye nyumba zote za safu ile, wakasema ni sehemu ya hatari na kila mtu atapewa kiwanja kwingine. Wengine bado wanasubiri. Fundi alihamia kwa kaka yake. Shemeji na binti walihamia kwetu, kwenye chumba cha mbele, na mke wangu akamwambia, "Mdogo wangu, hapa ni kwenu," naye akaitikia vizuri. Lakini mtu aliyekuwa na kwake unamjua. Huomba ruhusa hata ya kuchemsha maji.

Alirudi kazini, angefanya nini. Vile vikombe vyenye jani vilianza kupungua, hakuna aliyeona uchungu kimoja kikivunjika, havikuwa vya mtu. Wakarudisha vya karatasi kwa ajili ya mikutano tu. Kisha kwa wageni. Kisha kwa wote. Mapipa ya rangi tatu yakabaki yamesimama pale koridoni, yana taka za aina moja. Nilimwona jioni moja anayamimina yote kwenye mfuko mmoja mweusi.

"Shemeji," nikamuuliza, "siku hizi hutenganishi?"

"Nitenganishe nini? Vyote vilikuwa vinakwenda kwangu. Sasa hata hapo kwangu hapapo."

Hakusema kwa hasira. Aliufunga mfuko fundo, akautia begani, akashuka nao. Lifti ilikuwa imeshatengenezwa, ila mifuko ya taka haikuruhusiwa humo.

Mhasibu alistaafu. Mimi nami nikastaafu baadaye kidogo, magoti yalinishinda. Kabla ya hapo yule dada wa mazingira alikuja tena, ameongozana na wageni waliotaka kuona ofisi ya mfano. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo mzee," akaniuliza habari za Mama Vikombe. Nikamweleza kwa kifupi kuhusu nyumba. Alishtuka kweli, machozi yakamlengalenga. Kisha nikamuuliza jambo moja, akasema ataulizia huko juu anirudie. Hakurudi. Nikamuuliza mtu wa stoo, akacheka, akanipigapiga bega. Nikamuuliza meneja siku ya kuniaga, akasema, "Mzee, hayo si yamepita?" Yamepita, sawa. Shemeji hadi leo yuko chumba cha mbele, na anaomba ruhusa ya kuchemsha maji, na mimi nikimsikia naona kama sikuuliza jambo gumu. Niliuliza tu hivi: vile viti vya zamani vilikuwa na ubaya gani?