Hapana, Kapteni

Na kingine, huyo aliyewaambia kwamba ndege inajiendesha yenyewe ni nani? Nitajieni. Maana kila anayekuja kuziba pancha kwangu, akiona picha ya dada yangu kwenye simu, kavaa shati jeupe lenye mistari mabegani, lazima aseme hilohilo. Eti ah, hao wanakaa tu, wanabonyeza kitufe, kompyuta inapeleka, wao wanakunywa chai. Juzi mmoja kanitolea hayo maneno huku gari lake liko juu ya jeki na tairi liko mikononi mwangu. Nikamuuliza kama anajua hata nati za gari lake zinafunguliwa upande gani. Mtu hajui nati, anajua ndege.

Kompyuta ipo, ndiyo. Lakini dada anasema kompyuta ni kama mpangaji mbaya. Mambo yakiwa mazuri anakaa, mambo yakiharibika anakuachia funguo mlangoni na kutokomea. Ndege inakurudia mikononi, kengele zinalia, watu mia na kitu wako nyuma yako wanauliza chakula kinakuja saa ngapi.

Dada ni rubani msaidizi. Anakaa kiti cha kulia, kapteni anakaa cha kushoto. Na kila baada ya miezi sita, awe msaidizi, awe kapteni mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, anaingizwa kwenye simuleta. Ile ni chumba cha ndege kilichowekwa juu ya miguu ya chuma, kinatikisika, kinalalia ubavu, na ukiangalia dirishani unaona uwanja na mawingu kabisa. Mkaguzi anakaa nyuma yao na vitufe vyake, kazi yake kuwaharibia siku. Anawasha moto, anazima injini, analeta upepo. Ukifeli, huendi angani. Wanakupa nafasi ya kurudia mara moja. Ukifeli tena, unashushwa, unaenda kutafutiwa meza ofisini.

Mwaka huu dada alifeli.

Alirudi nyumbani akapitiliza chumbani na viatu vyake. Mama ni fundi cherehani, mashine yake iko sebuleni, na mashine ile ikinyamaza ujue kuna jambo. Ikanyamaza. Nikatumwa mimi kwenda kuuliza.

Alinieleza akiwa amelala kifudifudi, naongea na kisogo. Ndege ilikuwa ndiyo kwanza inaacha ardhi, mkaguzi akazima injini ya kushoto. Hapo ndege inataka kugeuka yenyewe kuelekea upande uliokufa, kama mkokoteni uliotoka gurudumu moja. Unaizuia kwa mguu. Unakanyaga pedali ya upande ulio mzima, unakanyaga haswa, mguu mpaka unatetemeka, na hapohapo mikono inashika usukani, macho yanasoma saa za vipimo zaidi ya kumi, mdomo unaongea na mwenzako. Hayo yote aliyafanya vizuri. Kosa lilikuja baadaye.

Injini ikifa, lazima uifungie mafuta. Swichi ni mbili, moja ya kushoto, moja ya kulia, ziko jirani kama meno ya mbele. Anayeendesha hagusi. Mwenzake ndiye anaweka mkono kwenye swichi na kuuliza: nithibitishie, ni hii? Yule anayeendesha lazima ageuze macho, aangalie mkono uko wapi, ndipo ajibu. Bila jibu, mkono hausogei. Ndiyo sheria yao, haina mkubwa wala mdogo. Wanasemeshana kwa Kiingereza, mimi nawapa kwa lugha yetu.

Sasa mwenzake siku hiyo alikuwa Kapteni Mvi. Ndivyo wanavyomwita wote, na yeye anaitika. Ndiye aliyemfundisha dada kutua kwenye upepo wa ubavuni. Ni rika moja na marehemu baba. Kapteni Mvi, kwa agizo la mkaguzi, akaweka mkono kwenye swichi ya kulia, ile ya injini nzima, akauliza.

"Nikaangalia," dada akaniambia. "Naapa niliangalia. Nikaona kabisa mkono uko pabaya. Mdomo ukasema ndiyo, kapteni."

Injini zote mbili zikawa zimekufa. Mkaguzi akasimamisha mchezo, akawasha taa.

Mimi nikachemka. Nikasema huyo mzee kamtega mtoto wa watu, nionyeshwe anakoishi. Dada akageuka akaniangalia kama mtu anayeangalia sufuria iliyoungua. Akasema, "Kakutega wewe au mimi? Kwenye ndege ya kweli mzee anaweza kukosea kweli. Mimi niko pale kwa ajili gani?"

Tukaanza mazoezi. Kila alasiri nikitoka kazini napanga viti viwili vya mezani mbele ya ukuta, dada kabandika picha ya chumba cha marubani, kubwa kama shuka. Miiko miwili ya kupikia nimeichomeka kwenye kopo la mchanga, ndizo swichi. Mimi nakaa chini mbele yake, napokea nyayo zake mikononi, anasukuma na mimi nasukuma, ili mguu uzoee uzito. Halafu naruka kwenye kiti cha kapteni, naweka mkono kwenye mwiko, nauliza. Nikikosea makusudi ananiambia hapana kabla sijamaliza swali. Kunikatalia mimi hakujawahi kumshinda tangu tukiwa wadogo.

Ndipo mama, uzi mdomoni, akatoa hukumu. "Huyo unamwambia hapana kila siku. Hebu ondoka hapo, wewe."

Akaja kukaa kiti cha kapteni. Akavaa miwani. Akauliza injini ipi imekufa, dada akasema ya kushoto. Mama akaweka mkono kwenye mwiko wa kulia, taratibu, akamgeukia mwanawe kwa lile jicho. Mnalijua jicho ninalosema.

"Ni huu, mwanangu?"

Dada akaangalia mwiko. Akamwangalia mama. Akasema, "Ndiyo, mama."

Hakuna aliyecheka. Mama akatoa mkono kwenye mwiko kama umemuunguza. Akasema polepole, "Kumbe ni mimi."

Maana nyumbani kwetu, na sidhani kama ni kwetu tu, ukimwambia mkubwa hapana unaulizwa hapana ya nani. Baba alikuwa hivyo, mama hivyo, walimu hivyo, na fundi aliyenifundisha kazi ya matairi alikuwa hivyo na spana mkononi. Tunakua tukijua kwamba mkubwa akikosea unanyamaza, unasubiri agundue mwenyewe. Na huku chini inawezekana, gari linasimama pembeni, mnafungua boneti, mnaulizana. Angani pembeni hakuna.

Wakarudia. Safari hii dada akasema hapana, kwa sauti ya mgonjwa. Mama, kwa mazoea tu, nyusi zikapanda: "Unamwambia nani hapana?" Halafu akajishika mdomo. Hapo ndipo tulicheka, mpaka miwani ya mama ikaanguka.

Kuanzia hapo mama akamtega kila mahali. Anamwagiza uzi mweusi huku anashona gauni jeupe. Anamwambia leo Jumatano na ni Ijumaa. Anamwambia lango limefungwa, liko wazi. Na dada lazima aseme hapana, amwangalie usoni, aseme kilicho sahihi. Mwanzoni alikuwa anaongeza samahani mbele na nyuma. Mama akamkataza. "Ukishamaliza hizo samahani zako tutakuwa tumeshaanguka." Mimi nikaona nafuu imeingia nyumbani, nikajaribu na mimi kumwambia mama hapana aliponituma dukani. Nikarushiwa kandambili. Eti wewe siyo rubani.

Siku ya kurudia mtihani, dada aliondoka asubuhi bila kula. Mashine ya mama haikulia siku nzima. Mimi nilivunja bolti mbili za watu kwa mawazo.

Alivyotusimulia ni hivi. Mwenzake ni Kapteni Mvi tena. Wameruka vizuri, wametua vizuri, wamepewa ukungu, wamepewa moshi. Wakaruka tena, na palepale gurudumu linapoacha ardhi, injini ya kulia ikazimwa. Dada akakanyaga kushoto. Pua ikanyooka. Wakapanda mpaka pale panaporuhusiwa kugusa kitu, maana chini ya hapo kazi ni moja, kuendesha. Kapteni Mvi akapeleka mkono. Akauliza.

Mkono ulikuwa kwenye swichi ya kushoto.

"Hapana, kapteni," dada akasema. "Iliyokufa ni ya kulia."

Mzee hakuuliza hapana ya nani. Aliondoa mkono, akaangalia, akauhamishia kulia, akauliza upya. Dada akathibitisha. Wakazunguka na injini moja, mguu wake unawaka moto, wakatua. Mkaguzi akampa mkono. Amefaulu.

Walipotoka nje dada akamfuata mzee kumshukuru kwa kumtega tena. Kapteni Mvi alikuwa ameegemea ukuta, kofia ameishika.

"Ile ya kwanza niliagizwa," akamwambia. "Hii ya leo hakuna aliyeniagiza, binti yangu. Nilikosea."

Na tayari yeye mwenyewe alikuwa ameshamwambia mkaguzi, bila kuulizwa. Mkaguzi akamwambia alichokifanya baada ya kukataliwa ndicho wanachotaka kuona, na kwamba viti ni viwili kwa sababu hiyohiyo. Huyo ni mtu ameruka miaka yote hiyo, mkono umeenda pabaya.

Mama aliyasikiliza hayo mpaka mwisho. Sijui alikuwa anafikiria nini. Halafu akaenda kuwasha mashine yake.

Kwa hiyo msiniletee habari za kitufe na chai. Na wewe uliye mkubwa wa nyumba, mkubwa wa gereji, mkubwa wa darasa, unayesoma hapa: leo hii, kabla hujalala, mwite mdogo mmoja aliye chini yako umwambie ana ruhusa ya kukukatalia. Akikukatalia, usimuulize anaongea na nani. Toa mkono, uangalie upya.