Médaille ya Papa

Leo ku soko nimejua kama ile médaille, ile nishani tulizikaka nayo Papa, ilikuwa ya margarine.

Mucheke kwanza, kisha musome.

Papa alikuwa anapasua mawe kule Kakontwe, pa Likasi. Kila dimanche, siku ya kanisa, alikuwa anavaa veste, koti yake ya muzuri, na kwenye veste anatia ile médaille, nyota ya njano. Maandiko yake ilifutikaka zamani. Siye batoto tulijua ni bakubwa ba kazi ndio balimupa. Nilijivuniaka ile nyota mpaka ku masomo.

Sasa leo, kwa muzee moya mwenye kuuzisha bintu bya zamani, naona nyota ile ile. Yake maandiko iko safi:

MARGARINE NYOTA, MUKATE INAFURAHI.

(Ba Likasi ba miaka yangu, munakumbuka ile kopo? Muandike hapa chini.)

Nikamuita Mama ku telefone. "Mama, ulijuaka?"

Akacheka. "Nilijuaka. Ulikuwa unapeleka bifuniko bya kopo makumi mbili ku magazini, ku duka, banakupa nyota moya."

"Sasa juu ya nini Papa alitudanganya?"

"Papa yenu hakusemaka kama ni médaille. Nyinyi batoto ndio mulisema. Yeye alinyamaza tu."

Kisha akaniuliza, pole pole: "Na ile makopo makumi mbili, nani alikula, na mu nyumba gani? Miye na Papa yenu tulikuwa tunakula mukate mutupu."

Nikakata telefone, nikarudia kwa muzee.

Nyota nimeinunua, iko ku blouse yangu. Muntu akiniuliza ni médaille ya nini, nitanyamaza sawa vile Papa.