Bibi Harusi Aliyeng'oa Mlango wa Loisi

Saa moja asubuhi, Kizota, Dodoma. Loisi Ndahani anapitisha randa kwenye ubao wa mninga, anapuliza maranda, kisha anapapasa ukingo kwa kidole gumba. Bado. Anaurudisha ubao kivulini.

"Ubao unakunywa," anasema fundi huyu wa milango. "Masika unakunywa unyevu wa hewani, unavimba. Kiangazi unautoa, unasinyaa."

Somo hilo lilimkolea Januari mwaka jana.

Alikuwa amemtengenezea Mzee Bartolomayo wa Chimwaga milango ya nyumba mpya. Aliifunga Septemba, Dodoma ikiwa kavu, ikabana sawasawa na fremu, na mzee akamsifu. Kisha mvua zikanyesha wiki nzima.

Asubuhi ya harusi, Anitha, binti wa mzee, alijifungia chumbani kuvaa shela. Alipotaka kutoka, mlango ukagoma. Vijana walisukuma kwa mabega, wapi. Mchungaji alikuwa anasubiri kanisani.

Loisi alipopigiwa simu, alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo alipanda bodaboda, akafika na kukuta wanaume wameshika shoka.

Aliwaomba wasubiri. Bawaba zilikuwa upande wa ndani, kwa Anitha. Loisi akazunguka dirishani, akampitishia nyundo na bisibisi katikati ya nondo, akamwelekeza aanze na pini ya chini, agonge kwenda juu.

Bibi harusi akakunja shela kiunoni, akagonga. Pini ya mwisho ilipochomoka, walioko nje walisukuma mara moja tu, mlango ukaachia. Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Kanisani walikuta kwaya imeshamaliza nyimbo zake, imeanza kuzirudia.

Loisi aliuranda mlango siku ileile bila malipo, akala pilau kama wengine, lakini moyoni alijua jina lake limeharibika. Wiki mbili baadaye Anitha alipotokea karakanani, Loisi alijua analetewa lawama.

"Shikamoo, fundi," Anitha alisema. "Naomba unifundishe. Tangu siku ile mikono yangu haitulii."

Leo wanafanya kazi pamoja, na hutoa milango sita hivi kwa mwezi. Mbao zao hukaa kivulini msimu mzima kabla ya kuguswa, na kila mlango huachiwa nafasi ya kuvimba.

Loisi anataka wajenge banda kubwa la kukaushia mbao, linalopitisha hewa pande zote. Anitha, mjamzito wa miezi sita, ana mpango wake pia.

"Kitanda cha mtoto nitakitengeneza mwenyewe," anasema, akionyesha mbao zilizopangwa pembeni. "Zile pale zinakauka. Mimi nazo tutakuwa tayari pamoja."